Koili inaungua mapema, waya una unga mweupe, tanki linavuja: atomaiza ya vepu inasafishwaje ukiwa Kigoma?

Kibirizi01

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa wanaovijua hivi vitu kiundani.

Niko Kigoma mjini. Nina matanki mawili ya vepu (sigara ya umeme). La kwanza ni la kusuka koili (waya unaopasha likwidi) mwenyewe: koili moja, kioo cha mililita 4, waya wa kanthali wa milimita 0.4, mizunguko 6 kwenye kipenyo cha milimita 3. La pili linatumia koili za dukani za ohmu 0.8. Yote mawili nayafunga kwenye boksi la betri moja ya 18650, wati 30. Likwidi ni ya embe, tamu sana, gliserini 70 kwa propilini glaikoli 30. Vifaa vyote naagiza Dar es Salaam vinakuja kwa basi, kwa hiyo kutupa koili kila baada ya siku chache hakuwezekani.

Shida zangu ni hizi. Koili inashika ukoko mweusi haraka na ladha inakuwa ya kuungua. Nikiiosha kwa maji ya bomba na ikakauka, waya unabaki na unga mweupe. Likwidi inatoka kwenye matundu ya hewa, hasa nikishajaza. Na kuna wakati boksi linaandika kwamba halioni atomaiza, yaani tanki na koili yake.

Nataka kujua kipi kinasafishwa, kipi kinatupwa, na kwa kutumia vitu gani vinavyopatikana huku. Nawasilisha.

Fundi_Ujiji

Mkuu karibu. Nianze na likwidi, maana nusu ya matatizo yako yanaanzia hapo.

Likwidi ya vepu ni gliserini ya mimea, propilini glaikoli, ladha, na nikotini kama ipo. Propilini glaikoli inachemka kwenye nyuzi joto 188, gliserini kwenye 290. Hizo zinageuka mvuke na kwenda zake. Kinachobaki ni kitamu. Flava za matunda tamu na za keki mara nyingi zinatiwa sukralosi, na sukralosi haiondoki na mvuke vizuri, inaungua na kuganda juu ya waya kama sukari iliyosahaulika kwenye sufuria. Huo ndio ukoko wako mweusi. Ukishashika, joto la waya halitoki sawasawa kwenda kwenye likwidi, pamba iliyo chini yake inapata moto kuliko inavyostahimili na kuungua. Pamba iliyoungua haioshwi, inatupwa. Waya na chuma ndivyo vinavyooshwa.

Cha kufurahisha ni kwamba gliserini na propilini glaikoli zote zinayeyuka kwenye maji. Huhitaji thina, petroli wala dawa ya ajabu. Maji ya moto na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo vinatosha kwa tanki zima.

Toa tanki kwenye boksi, na betri itoe kabisa. Likwidi iliyobaki imwage kwenye chupa ya taka yenye kifuniko, usiimwage kwenye karai la vyombo: nikotini ni sumu, mtoto akiinywa hata kidogo ni hatari, na inapenya hata kwenye ngozi. Vaa glavu kama likwidi yako ni kali. Bakuli la kuoshea liwe la kazi hiyo tu, lisirudi jikoni.

Fungua kila kinachofunguka: mdomo, kifuniko cha juu, kioo, bomba la katikati, kitako cha koili, pete ya hewa. Tanki likigoma usilishike kwa plaizi, utalipinda na kukwaruza. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kizungushe upate mshiko, kisha zungusha taratibu. Likizidi kugoma, lowesha sehemu ya maungio kwenye maji ya moto dakika 2 au 3, likwidi iliyoganda kwenye meno ya skrubu italegea.

Oringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, zitoe kwa kijiti cha meno. Sindano inazichana, na mchano usiouona kwa macho unatosha kuvujisha tanki. Zipange juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio ule ule ulivyozitoa, kwa sababu oringi ya kitako na ya kifuniko zinafanana kwa haraka ila unene ni tofauti.

Maji: changanya kikombe kimoja cha maji yaliyochemka na kikombe kimoja cha maji ya bomba, utapata nyuzi 60 hivi. Tia matone 3 ya sabuni. Loweka dakika 15 hadi 20. Kioo kianze na maji ya uvuguvugu kabla hujakitia kwenye ya moto, la sivyo kinapasuka. Kama tanki lako ni la plastiki, maji yanayochemka yanalipinda na spiriti inalitia nyufa. Halafu plastiki nyingine zinapasuliwa hata na likwidi yenyewe, hasa yenye ladha ya limao, chungwa au mdalasini. Hizo weka kwenye kioo tu.

Sugua kwa mswaki laini wa mtoto. Wengi wanasahau mifereji midogo inayopeleka likwidi kwenye pamba, na ndani ya bomba la katikati ambako mvuke unaganda ukiwa njiani kuja mdomoni. Pitisha kijiti cha pamba cha masikio humo, kitatoka cha kahawia. Suuza mara 3 au zaidi, mpaka chuma kikishikwa hakitelezi. Sabuni ikibaki utaisikia kwenye mvuto wa kwanza.

Kausha kivulini penye upepo, juu ya kitambaa kisichoacha nyuzi, saa 2 au 3 kwa vyuma. Meno ya skrubu yanaficha maji, kwa hiyo kila baada ya muda kung'uta. Usiweke juu ya jiko la mkaa: oringi zinaharibika na majivu yanaingia kwenye kila tundu.

Unaporudisha oringi, zipake tone la gliserini au likwidi yenyewe zisijikunje. Mafuta ya aina yoyote hapana. Si Vaseline, si alizeti, si mawese. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu huku mawese yako kila nyumba na mtu anaona ni kitu cha kuliwa, kitadhuru nini. Mafuta yakivutwa mapafuni hayatolewi kirahisi, yanaleta nimonia ya mafuta. Mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 kule Marekani watu zaidi ya 2,800 waliugua vibaya mapafu, na uchunguzi ulielekeza kwenye asetati ya vitamini E, ambayo ni ya mafuta, iliyochanganywa kwenye vepu za bangi.

Gungu_B

Fundi amemaliza. Nyongeza yangu ndogo: kama harufu ya flava ya zamani haitoki, hasa mnanaa na tumbaku, loweka vyuma na kioo kwenye spiriti ya hospitali saa moja.

Na kwa walioko karibu na mafundi simu, wengi wana kile kimashine cha kuoshea bodi kwa mtetemo. Dakika 5 hadi 10 kinatoa ukoko kwenye mifereji ambayo mswaki haufiki. Mwambie fundi amwage kwanza dawa yake, maana wanatumia thina na mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) yanabaki humo. Sinia lisuuzwe vizuri, atie maji safi na tone la sabuni. Kioo kiondoe, chenye ufa mdogo kinamalizikia humo.

MaabaraKgm

Gungu_B, hapo kwenye spiriti simama kidogo ndugu yangu. Inayouzwa kwa jina la spiriti si kitu kimoja. Ile ya zambarau au bluu imetiwa metanoli na rangi ili watu wasiinywe, na spiriti nyingine za kupaka ngozi zina mafuta ya nyonyo ndani yake. Ikikauka inaacha utando, na utando huo ndio utakaopashwa joto na kuvutwa. Kama ni lazima utumie spiriti, tafuta isopropili ya asilimia 70 au zaidi, isiyo na rangi wala harufu ya dawa, loweka vyuma na kioo tu, kisha suuza kwa maji na uache vikauke kabisa. Mbali na moto. Gongo pia isisogee kwenye kazi hii, hakuna anayejua ina metanoli kiasi gani.

Sasa unga mweupe wa mleta mada. Maji ya bomba ya hapa mjini yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, pH yake inazunguka 9, yamebeba magnesiamu, kalisi na baikaboneti. Tone likikauka juu ya waya, chumvi zinabaki. Ukiuwasha waya, joto linageuza baikaboneti kuwa kaboneti isiyoyeyuka kwenye maji. Ni ukoko ule ule unaouona ndani ya birika. Sabuni haiutoi hata usugue mpaka kesho, unatolewa na asidi.

Chukua siki nyeupe ya kawaida ya asilimia 5, ongeza maji kiasi sawa. Kama ni kioo, chuma cha pua au waya wa kanthali, loweka dakika 30. Utaona mapovu madogo, hiyo ni kaboneti inayeyuka. Sehemu za shaba au zilizopakwa kromu zisizidi dakika 10, siki inakula ile rangi ya juu. Limao linafanya kazi hiyo hiyo, lakini lichuje nyuzi zake, na mafuta ya ganda lake yanaacha harufu.

Ukitoka kwenye siki suuza kwa maji ya bomba, halafu suuzo la mwisho lisiwe la bomba. Famasi wanauza maji ya kuchanganyia dawa ya sindano, vichupa vya plastiki vya mililita 10. Hayo hayana chumvi kabisa. Vichupa viwili vinatosha kwa koili na kitako. Maji ya mvua nayo yanafaa, ila acha mvua ioshe bati dakika 10 au 15 kwanza ndipo ukinge. Kwenye maji ya betri muwe waangalifu sana: duka la spea linaweza kuweka chupa ya maji safi ya kuongezea na chupa ya tindikali rafu moja, na tindikali ya betri ni asidi ya salfuriki. Kama lebo haisomeki, iache.

Waya_na_Pamba

Upande wa koili niruhusuni niingie, maana ndiko kwenye uhai wa atomaiza.

Kibirizi01, koili yako ya mizunguko 6 kwenye milimita 3 inatakiwa isome karibu ohmu 0.85. Kwa waya wa unene huo wati 30 ni nyingi. Shuka hadi 18 au 20. Joto likipungua ukoko nao unachelewa, na mvuke hautapungua kama unavyohofia. Ile koili ya dukani ya ohmu 0.8 ndiyo unaiua kabisa: soma ubavuni, nyingi za kipimo hicho zimechapwa wati 12 hadi 18. Ukiipa 30, pamba haiwahi kunyonya likwidi kabla waya haujakauka.

Kusafisha koili ya kusuka bila kuitoa: chomoa pamba ya zamani kwa kuivuta upande mmoja, usiikate katikati na kuacha mabaki. Kausha kitako. Weka boksi kwenye wati 15, ukiwa eneo lenye hewa, pasipo na likwidi wala pamba karibu. Bonyeza sekunde 2, achia, bonyeza tena. Ukoko utafuka moshi na kugeuka majivu. Usiuvute huo moshi. Unatafuta wekundu wa kiza tu, usiende hadi rangi ya chungwa au njano. Joto kali linadhoofisha waya na kuunguza kile kiplastiki kinachotenga nguzo ya chanya kwenye kitako. Mara 5 hadi 8 zinatosha.

Iache ipoe kabisa. Kuna wanaoitumbukiza kwenye maji ikiwa nyekundu ili ukoko uruke. Unaruka kweli, lakini waya unapigwa na mshtuko wa joto na mizunguko inaachana. Ikishapoa, toa tanki kwenye boksi, mwagia maji ukisugua kwa mswaki wa zamani, ukiufuata mzunguko wa waya, usiuvuke. Kausha, washa tena. Wekundu uanzie katikati na kutambaa kwenda pembeni pande zote mbili kwa pamoja. Ukiona sehemu moja inawaka peke yake, zima, kisha bana mizunguko kwa kibanio cha kauri. Cha chuma kisiguse koili wakati umebonyeza, unatengeneza shoti mkononi.

Kuwasha kavu namna hii ni kwa kanthali, ambayo ni chuma, kromi na alumini, au nikromu, ambayo ni nikeli na kromi. Chuma cha pua cha 316L kinastahimili ukienda taratibu zaidi, wati kidogo. Waya wa nikeli tupu na wa titani usiwashwe kavu hata siku moja. Titani ikipata joto kali inafanya unga wa oksidi ambao hutaki kuuvuta. Kama umenunua waya bila lebo na hujui ni nini, usiuwashe kavu, badilisha.

Lini uachane na koili? Ukiona waya umeliwa na kuwa mwembamba sehemu fulani, una mashimo madogo, au umepoteza umbo na haurudi. Waya wenyewe ni bei ndogo kuliko kila kitu kwenye huo mkoba wako. Mita moja inakusukia koili kadhaa. Agiza roli, si koili.

Kibirizi01

Nashukuru sana wakuu, hapa nimepata shule. Maswali mawili. Pamba: naweza kutumia ile ya shambani, ndugu zetu wa Igunga wanalima? Na hizi koili za dukani ambazo pamba yake haichomoki, zinaosheka au ndiyo basi?

Waya_na_Pamba

Pamba ya shambani hapana mkuu. Nyuzi zake zina nta ya asili, likwidi haiingii, inaelea juu. Kuichemsha kwa maji matupu hakuitoi nta hiyo. Kiwandani wanaichemsha na alkali kali. Isitoshe huwezi kujua imepuliziwa dawa gani. Chukua pamba ya hospitali, ile ya roli. Ijaribu hivi: dondosha kipande kwenye glasi ya maji, izame ndani ya sekunde 10. Ikielea, rudisha. Vile vipande vya duara vya kutolea vipodozi na pamba ya kujazia mito vinaweza kuwa na poliesta, inayeyuka kwenye waya.

Unapoiweka, ipite kwenye koili kwa ukinzani kidogo, bila kuuvuta waya. Ikikwama umeweka nyingi, likwidi haitapita na pamba itaungua. Ikiteleza umeweka kidogo, utavujisha. Mikia ikate ifike sakafu ya kitako na kuziba mfereji bila kushindiliwa. Lowesha kwa likwidi mpaka ing'ae ndipo ubonyeze.

Koili za dukani zinaosheka, ila usitegemee zirudi mpya. Ichungulie katikati. Pamba inayozunguka waya ikiwa kahawia iliyokolea au nyeusi, tupa. Ikiwa ya njano tu, loweka kwenye maji ya nyuzi 60 dakika 10, bila sabuni, kwa sababu sabuni haitoki kwenye pamba. Chukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano yenyewe, sukuma maji kupitia vitundu vya pembeni mpaka yatoke safi. Badilisha maji, rudia mara 3, malizia na yale ya famasi aliyosema MaabaraKgm. Siki usitie kwenye koili yenye pamba. Kausha saa 48, hata kama kwa nje inaonekana kavu. Usiikaushe kwa kubonyeza boksi: pamba yenye maji ndani na kavu juu inaungua pale pale, na kazi yote imeishia hapo.

Kinachosaidia kuliko kuosha ni kuzuia. Vitundu vya koili za ohmu 0.8 ni vidogo na gliserini 70 ni nzito, inachelewa kufika. Tumia ya 50 kwa 50, isiyo tamu kama hiyo ya embe. Koili mpya itie matone 3 au 4 katikati na tone moja kwenye kila kitundu, jaza tanki, subiri dakika 10, anza na wati 12 upande taratibu.

Unyanyembe_T

Niko Tabora, nami huku vifaa ni vya kuagiza vile vile. Nizungumzie kuvuja na hilo la boksi kutoiona atomaiza.

Unasema linavuja ukishajaza. Nina hakika unajaza matundu ya hewa yakiwa wazi. Unapofunga kifuniko cha juu, hewa iliyobaki ndani inabanwa na inasukuma likwidi kupitia pamba hadi kwenye matundu. Funga pete ya hewa kwanza, jaza, ukiacha kiputo kidogo cha hewa, funga kifuniko, pindua tanki mdomo uwe chini, ndipo ufungue hewa. Ligeuze. Kama bado linavuja baada ya hapo, angalia mikia ya pamba, kisha oringi moja moja ukiivuta kidogo kwenye mwanga uone mchano, kisha ufa kwenye ukingo wa kioo.

Halafu kuna mwinuko. Dar ni usawa wa bahari, Kigoma ziwani ni karibu mita 770, Tabora tunakaribia 1,200. Tanki lililojazwa Dar likifungwa na kupakiwa kwenye basi, hewa ya ndani inatanuka kadiri linavyopanda, na likwidi inatafuta pa kutokea. Joto nalo ni hivyo hivyo: tanki likiachwa juani kwenye dashibodi au ndani ya boti, hewa inatanuka na likwidi inakuwa nyepesi. Safiri na tanki tupu, likwidi ibaki kwenye chupa.

Ukisikia linakoroma, likwidi imejaa kwenye bomba la katikati. Toa tanki kwenye boksi, zungushia karatasi ya chooni upande wa chini, puliza kwa nguvu kupitia mdomo. Kama linarudia kukoroma, wati ni kidogo kwa likwidi hiyo au kitako hakijakazwa.

Boksi kutoona atomaiza, mara nyingi ni uchafu kwenye pini ya kati. Likwidi inashuka, inaganda, inazuia umeme. Betri nje, kijiti cha pamba chenye isopropili kidogo, futa pini ya tanki na ya boksi pamoja na meno yake mpaka kijiti kitoke safi, acha dakika 10. Pini ikiwa imezama, inua kidogo sana, nusu milimita, kwa kijiti cha mti. Inazama kwa sababu ya kukaza kupita kiasi. Ncha za vidole zinatosha, ikigusa, acha.

Kibirizi01

Nimefuata yote. Unga mweupe umeisha na halivuji tena. Limebaki moja: koili niliyosafisha inasoma 0.85 ikiwa ya baridi, nikivuta mara mbili tatu inaruka 1.1, ikipoa inarudi. Waya umechoka?

Waya_na_Pamba

Hapana, ni mguu wa waya umelegea kwenye skrubu. Kanthali haibadiliki ukinzani kwa kiasi hicho ikipata joto, hata ikiwa nyekundu tofauti ni ndogo mno. Ingekuwa 316L au nikeli ningekwambia ni kawaida, hizo zinapanda na joto. Kwa kanthali, kupanda kwa robo ohmu ni mguso mbovu: chuma kinatanuka, nafasi inafunguka, kikipoa inajifunga.

Betri nje, koili ikiwa ya baridi. Legeza skrubu zote mbili, vuta miguu kidogo, kwangua mahali inapobanwa kwa ncha ya kisu, kuna ukoko ambao moto haukuufikia. Kwangua na uso wa chini wa skrubu. Unaporudisha, mguu ukae upande ambao skrubu ikizunguka kulia inauvuta ndani, si kuusukuma nje. Kaza mpaka uhisi inagoma, kisha robo mzunguko basi, ukizidisha unaukata waya. Kichwa cha skrubu kikiwa kimeisha kingo, badilisha skrubu, haitakaza tena.

Pima kwa maltimita kabla ya kurudisha kwenye boksi. Gusanisha nyaya zake mbili zenyewe kwanza, zikisoma 0.2 au 0.3, toa hiyo kwenye namba utakayopata kwenye tanki.

Na ukiona imeshuka badala ya kupanda, tuseme 0.4, usibonyeze kabisa. Mguu unagusa kitako, au koili inagusa bomba la katikati ukifunga. Betri iliyojaa ina volti 4.2; kwa ohmu 0.85 inatoa ampea 5 hivi, kwa 0.4 inatoa 10.5, na shoti ikikamilika hakuna kikomo zaidi ya betri yenyewe. Boksi lenye saketi litakataa kuwasha, vepu ya bomba la chuma isiyo na saketi haikatai. Kata miguu iliyozidi iwe sawa na nguzo, pitisha ukanda wa karatasi kati ya koili na kitako pande zote, kisha funga bomba la katikati na upime tena likiwa limefungwa, maana huko ndiko inakogusa bila wewe kuona.